Choo cha Hela za Vitabu

Mimi si mtu wa kutulia. Nikikaa kitini dakika kumi naanza kutafuta kitu cha kupanguza. Mume wangu husema siku niliyozaliwa walisahau kunifundisha kukaa. Lakini mwaka ule wa tisini na nane sikuwa peke yangu. Shule nzima haikutulia, kwa sababu choo cha wasichana kilikuwa kimeanguka na serikali ilikuwa imetuletea hela za vitabu.

Shule yetu ilikuwa ya msingi, upande wa Majoreni, karibu na mikoko, mwisho wa njia ambayo mvua ikinyesha hata punda hugoma. Mimi nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu. Cheo hicho sikukipata kwa akili nyingi. Waalimu walionitangulia waliomba uhamisho mmoja mmoja wakaenda Diani kwenye lami na taa, nikabaki mimi, mzaliwa wa Msambweni, niliyeolewa huku huku.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mrefu na mpole kupita kiasi. Alikuwa na suti moja ya kahawia aliyoivaa kila alipoitwa Kwale. Alikuwa akiwaamkia wazee wetu shikamoo, hata wale aliowazidi umri, nao wakiitika marahaba bila haya. Alikaa na mkewe na watoto watatu katika nyumba ya shule, nyuma ya darasa la nne, na katika miaka mitano sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Upole wake ulikuwa ukinikera. Nilidhani ni woga.

Wakati ule serikali ilitulipa sisi waalimu mishahara, basi. Chaki, madawati, mabati, karatasi za mtihani, mlinzi, vyote vilikuwa juu ya mzazi. Na mzazi wetu alikuwa mvuvi au mkulima wa minazi. Akikosa shilingi alileta nazi. Stoo ya shule ilikuwa na nazi nyingi kuliko vitabu, na kila mwisho wa muhula mimi ndiye niliyehangaika kutafuta mnunuzi.

Mvua zile kubwa za El Niño ndizo zilizotuvunja. Choo cha wasichana kilititia mchana, katikati ya somo la hesabu. Tulisikia kishindo, tukatoka mbio, tukakuta ukuta umelala na shimo limejaa maji. Alhamdulillahi hakuna aliyekuwemo. Wavulana, ambao choo chao kilikwisha anguka zamani, walikuwa wakienda mikokoni, nao hawakuona taabu. Wasichana wakubwa walianza kupungua. Nilipowafuata majumbani, kina mama waliniuliza swali moja: "Binti akishikwa na haja aende wapi, mwalimu? Mbele ya wavulana?" Ilipofika mwezi wa nne darasa la saba lilikuwa na wasichana wawili tu, na hao wawili walikuwa hawanywi maji tangu asubuhi mpaka watoke shuleni.

Mwezi wa tano mwalimu mkuu akaitwa Kwale. Alirudi na hundi ya serikali, ya kwanza tangu nianze kazi pale, na karatasi ya masharti. Hela ni za vitabu vya kiada, si kitu kingine. Risiti ziwe na mhuri. Kila kitu kiishe kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, mwaka wa serikali unapofungwa, la sivyo hela zirudi zilikotoka. Nilisoma karatasi ile nimesimama, nikaisoma tena nikizunguka meza. Nilitamani kumjua aliyeiandika, nimlete asimame saa sita mchana pembeni ya lile shimo.

Kamati ya shule ikakutana. Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana shule nyingine sijaiona. Mkutano ulifunguliwa kwa Fatiha, na mwalimu mkuu akisimama kwa adabu amefumbata mikono. Mimi niliandika kumbukumbu kwa Kiswahili, katika kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Mwishoni nilizisoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa sababu wajumbe wengi hawakujua kusoma herufi zetu, ingawa Kurani waliisoma vizuri kuliko mimi. Wakisharidhika, kila mmoja aliweka dole gumba, kisha ikasomwa dua ya kufunga. Baada ya dua hakuna aliyeruhusiwa kugusa hata nukta. Wazee walikuwa wakisema kilichofungwa kwa dua hakifunguliwi.

Mwalimu mkuu alisoma masharti. Akanyanyuka bibi mmoja mkunga, aliyezalisha nusu ya watoto wa shule ile.

"Hedimasta, nitakuuliza, usinikasirikie. Hivyo vitabu vikija, vitasomwa na nani?"

"Na watoto, bibi."

"Watoto gani? Mjukuu wangu yuko nyumbani anatwanga. Wa jirani yuko nyumbani. Huko shuleni mmebakiwa na wavulana na mbuzi."

Watu walicheka. Mwalimu mkuu hakucheka. "Bibi, hii pesa imeandikiwa vitabu. Nikiipeleka kwa kitu ingine, nitaulizwa mimi, si nyinyi."

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu, mwenye lori lake na sauti yake. "Utaulizwa, na sisi tutajibu," akasema. "Kamati ni sisi. Kwani tunaiba? Msema kweli ni mpenzi wa Mungu."

Walibishana mpaka adhana ya alasiri. Mwalimu mkuu alikataa mara mbili, mara ya tatu akanyamaza, na kwetu kunyamaza ni kukubali. Hela zikagawanywa mafungu mawili: nusu vitabu, nusu choo. Kazi ya kuchimba ingekuwa mweria, yaani kila nyumba itoe mtu bila malipo, kama tufanyavyo mashambani. Nikaandika: "Kamati imekubaliana kwa kauli moja kwamba nusu ya fedha za vitabu zijenge choo cha wasichana, kwa kuwa vitabu vimekosa wasomaji." Nilijipenda kwa sentensi ile. Niliisoma kwa madaha, madole yakabandikwa, dua ikasomwa.

Tulikwenda Ukunda mimi na mwalimu mkuu kununua vitabu vya ile nusu. Muuza vitabu alikuwa kijana wa bara, mchangamfu, kalamu nyuma ya sikio. Alipotuona tunahesabu na kunong'ona, alielewa haraka kuliko tulivyotaka.

"Madam, hii maneno ni rahisi. Mnabeba vitabu ya nusu, naandika risiti ya yote. Mhuri niko nayo hapa. Shule nyingi zinafanya hivyo. Niandike ngapi?"

Mwalimu mkuu alitoa leso akajifuta uso. Alinitazama mimi, na leo najua alikuwa ananiomba nitoke nje nikaangalie kanga dukani mwa jirani, angalau dakika mbili. Mimi sikutoka.

"Andika tulichonunua," nikasema.

"Kwani mkubwa ni yeye ama ni wewe?"

"Andika tulichonunua, ndugu yangu. Hatukuja kununua uongo."

Mwalimu mkuu akainamisha kichwa. "Andika vile amesema."

Tulirudi na maboksi mawili. Matatu ikapita Msambweni. Hapo akasema polepole, kama mtu anayeongea na dirisha: "Mwalimu, wewe hujawahi kuulizwa." Nilidhani ananitania.

Mweria ulikuwa kila Jumamosi. Mchanga wa kwetu haukubali shimo. Unachimba asubuhi, jioni umerudi. Ikabidi tujenge kuta za mawe kutoka chini. Mkata mawe hakuwa na risiti wala mhuri, alibandika dole lake kwenye ukurasa wa daftari la hesabu, na fundi naye vivyo hivyo. Wanaume walichimba, wanawake walibeba maji na kupika muhogo wa nazi, mwenyekiti akatoa lori bure. Mwalimu mkuu alivua koti akashuka shimoni na sururu, na nilishangaa kuona anavyojua kazi ile. Kabla ya mwisho wa mwezi wa sita tulikuwa na milango minne, na pembeni pipa la maji na makata ya kutawadhia.

Wa kwanza kurudi alikuwa mjukuu wa yule mkunga. Wiki iliyofuata walikuja watatu, kisha sita. Kila asubuhi kwenye paredi niliwahesabu wasichana kwa macho, nikijifanya natazama sare. Nilikuwa na furaha ya kweli kweli.

Mkaguzi wa hesabu alikuja mwezi wa tisa. Alikuwa kijana mwenye adabu, shati limenyooka. Alikaa ofisini na risiti zetu, akajumlisha, akajumlisha tena, akauliza nusu ya pili ya hela iko wapi. Mimi nilikuwa pale nikipanga chaki ambazo hazikuhitaji kupangwa.

"Vitabu vingine havijafika," akasema mwalimu mkuu.

Uso ulinichoma. Mkaguzi akaomba kitabu cha kumbukumbu za kamati. Mwalimu mkuu akajibu kwamba kumbukumbu zinanakiliwa. Mkaguzi akafunga faili. "Nawapa siku kumi na nne. Nileteeni Kwale risiti zilizobaki na kumbukumbu. Vitabu nitakuja kuviona."

Alipoondoka, mwalimu mkuu alikifunga kile kitabu kwenye gazeti akanipa. "Kaa nacho nyumbani. Kisionekane na mtu. Mimi nitatengeneza mambo."

"Utayatengeneza vipi?"

"Niachie tu, mwalimu."

Sikumwachia. Nilifika nyumbani nikashindwa kula. Nilimwita mwoga mara tatu mbele ya mume wangu katika chakula kimoja. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anaonea haya kitu ambacho sisi wote tulijivunia. Watu walichimba kwa mikono yao, wasichana wamerudi, hakuna aliyekula hata senti, halafu yeye anajificha kama mwizi! Mume wangu alisema nilale, asubuhi ina heri yake. Sikulala. Kulipokucha nilikuwa barazani kwa mwenyekiti na kitabu mkononi.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe maskini anabeba peke yake," akasema. "Nasi tulimwahidi tutajibu. Twende tukamtetee."

Siku ya nane tulipanda lori la mbata kwenda Kwale: mwenyekiti, wazee watatu katika kanzu zilizopigwa pasi, bibi mkunga katika kanga mpya, na mimi na kitabu changu. Mtu mmoja alitaka kupakia madafu ya kumpelekea mkubwa, mwenyekiti akamkatalia, tusije tukaonekana tunahonga. Mwalimu mkuu hatukumwambia. Tulitaka asikie tu kwamba jambo limekwisha.

Mkaguzi alituamkia wote, akatafuta viti kutoka ofisi za jirani. Mwenyekiti alizungumza vizuri. Sijawahi kumsikia akizungumza vizuri namna ile.

"Mwanangu, tumekuja kwa ajili ya hedimasta wetu. Yule si mwizi. Alituambia hela ni za vitabu, akatukatalia mara mbili, sisi ndio tuliomshinda. Nusu tumejengea choo, na kila senti tunajua ilikokwenda. Mwalimu, mpe kitabu asome mwenyewe."

Nikampa kwa mikono yangu miwili. Alisoma taratibu, kidole kikishuka ukurasani. Akauliza, "Haya madole ni yenu?"

"Yetu!" Wakanyanyua madole gumba wote pamoja, wakamwonyesha.

"Na hicho choo kipo?"

"Kipo, milango minne," akasema bibi mkunga. "Karibu uje ukitumie."

Hata yeye alicheka. Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, si wazee, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu wenu mkuu anajua kama mmekuja?"

"Hajui," nikasema. Nikanyoosha mkono kukichukua kitabu.

Kitabu hakunirudishia. Alikitia kwenye mtoto wa meza akafunga. "Ahsanteni sana, wazee wangu. Mmenirahisishia kazi." Wazee wakamshukuru, wakamwombea dua ya maisha marefu. Njia nzima ya kurudi walikuwa wakicheka na kusifiana, na mimi nilisimama nyuma ya lori, nimeshika ubao, kwa kuwa kukaa kulinishinda.

Nilikwenda moja kwa moja nyumba ya shule. Mwalimu mkuu alikuwa uani, mkewe akimenya muhogo kando yake. Nilimweleza yote bila kupumzika. Nilipomaliza alitoa karatasi mfukoni mwa koti akanipa. Ilikuwa barua ya chama cha akiba cha waalimu. Walikuwa wamemkubalia mkopo.

"Ingetoka Ijumaa," akasema. "Ningenunua vile vitabu vilibaki, nimpelekee risiti. Choo kiko, vitabu viko. Nani angeuliza tena?"

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ungeandika kumbukumbu."

Mkewe alinyanyuka na sinia yake, akaingia ndani, akafunga mlango. Mimi nilibaki pale uani. Ningependa kusema nililia, lakini sikulia. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa haina mtu wa kumwendea isipokuwa mwenyewe.

Vitabu alivinunua hata hivyo. Mkopo ulitoka, akaleta maboksi mengine mawili, tukayapanga stoo. Lakini kosa lilikuwa limekwisha kuandikwa, na ushahidi wake ulikuwa na madole ya kamati nzima na mwandiko wangu. Mwezi wa kumi na moja nilikwenda Kwale kwa shughuli za mtihani, nikapewa barua mbili nije nazo, moja ya mwalimu mkuu na moja yangu. Niliifungua yangu kwanza. Nakiri hilo. Nilisimama kando ya barabara Kwale, na barua ya mtu mwingine kwapani, nikasoma kwamba kuanzia Januari mimi ni kaimu mwalimu mkuu.

Yake ilimshusha cheo kuwa mwalimu wa kawaida, ikampeleka shule moja mbali, bara ya Kinango, kusikokuwa na nyumba ya mwalimu. Mkopo ungekatwa katika mshahara mdogo zaidi kwa miaka miwili. Alinikabidhi funguo, akanionyesha kufuli lipi linalohitaji mafuta na mzazi yupi huahidi nazi asilete. Aliwaaga wazee mmoja mmoja kwa shikamoo. Hakunilaumu hata kidogo, na mimi nilikuwa nikimfuata nyuma kila alikokwenda nikingoja anilaumu.

Wazee walimsikitikia kwa dhati. Mwenyekiti alimbebea vyombo kwa lori lake mpaka huko huko. Lakini kwangu walifurahi. Walikaa katika ofisi yangu mpya wakanisomea dua. "Umeona?" mwenyekiti akasema. "Ukweli haupotei bure. Leo wametupa mtu wetu, msema kweli." Nikaitikia amin pamoja nao.

Mwaka uliofuata hela zilikuja tena, na masharti yale yale: vitabu tu. Safari hii mchwa walikuwa wamekula boriti za darasa la kwanza. Paa lilikuwa limeinama upande mmoja, na kila upepo ukivuma mwalimu wa darasa lile aliwatoa watoto nje, arudi awarudishe, awatoe tena. Kamati ikakutana. Fatiha ikasomwa. Hawakubishana sana, tayari walijua njia. Nusu vitabu, nusu paa, kauli moja. Mimi nilikuwa nimekwisha pita Ukunda kwa yule muuza vitabu wiki moja kabla, na risiti ya hela zote, yenye mhuri, ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Kitabu kilikuwa kipya, kwa sababu kile cha zamani kilibaki Kwale. Niliandika nikiwa nimeinama sana juu ya meza. Wakaniambia niwasomee. Nikasimama, nikawasomea: nusu ya fedha ijenge paa la darasa la kwanza, kwa usalama wa watoto. Wakatikisa vichwa kwa kuridhika, mwenyekiti akavuta kidau cha wino.

"Ngoja kwanza," akasema bibi mkunga. "Nisomee tena hapo pa paa, mwanangu. Pamenifurahisha."

Nikamsomea tena, neno kwa neno, huku kidole changu kikifuata mstari uliosema kwamba fedha zote zitanunua vitabu.